Kulala Bush na Ndai ya Stima

Rivian walipoanza kutoa pickup yao ya R1T mwaka wa 2021, huko Normal, Illinois, kitu ilishika mbogi ya kukampu haikuwa spidi. Ilikuwa jikoni. Kati ya viti vya nyuma na bodi ya mizigo kuna tundu imepita gari kutoka upande huu mpaka ule, na hapo ndani walikuwa wanakuuzia jikoni mzima ya kuvuta: meko mbili za induksheni, sinki, tanki ya maji, sufuria na vijiko. Bei yake dola 5,000. Hiyo ni kama laki sita na kitu za Kenya, pesa ya meko tu, gari bado hujalipia. Baadaye waliiacha hiyo jikoni wakaleta ingine nyepesi ya kubeba, ya bei ya chini.

Mimi naipenda hiyo idea mpaka leo. Lakini naona iliangushia macho ya watu pahali si penyewe. Tangu hapo kila kampuni ikitoa ndai ya stima ya off-road lazima ioneshe hema juu ya paa, kahawa inachemka, mwanga wa jioni, manzi na boy wamejifunika blanketi moja. Poa sana kwa macho. Lakini msee akitaka kutoka Nai Ijumaa alale Magadi arudi Jumapili bila ngori, swali lake si meko ziko ngapi. Swali ni yuniti.

Yuniti ni ile ile unaijua. Ukinunua tokeni za Kenya Power, kila yuniti ni kilowati moja imetumika saa moja, na betri ya gari inapimwa na hiyo hiyo hesabu. Keja ya bedsitter yenye kafriji kadogo, TV na taa inaeza enda na yuniti kama mbili kwa siku. Betri kubwa ya R1T ya kwanza ilikuwa na yuniti 135. Yaani hiyo keja ingekaa kama miezi miwili ikinyonya gari imepark tu hapo nje. Ukishaiweka kwa kichwa hivyo, unaanza kuona venye hizi ndai zimebadilisha maisha ya bush, na pia unaanza kuona penye zinaeza kukuangusha.

Anza na usiku. Mko wanne, mmefika saa kumi na moja jioni, mmepiga hema. Friji ya kubeba ya volti 12, kutoka hiyo jioni mpaka asubuhi, inakula kama nusu yuniti. Taa za LED hata hazifiki robo. Maji lita mbili ya chai ni kama sehemu moja ya tano ya yuniti. Ugali, sukuma na mayai kwa meko ya induksheni, weka yuniti moja ya kutosha. Simu zote nne zikichajiwa na spika ikicheza ngoma mpaka mlale, bado unaongea mambo ya robo. Jumla mbili hivi. Mkiwa mahali pa joto mkaamua kulala ndani ya gari na AC inapuliza usiku wote, ongeza nne mpaka nane kulingana na joto ya hapo na ukubwa wa gari. Kwa betri ya yuniti mia moja na zaidi, hiyo ni kitu kidogo sana.

Na hizi gari zinajua kukutunza ukilala. Tesla wako na modi ya kukampu inayoacha hewa, taa na chaji za simu zikiendelea usiku mzima gari imesimama. Rivian walienda mbele zaidi. Modi yao inatumia suspension ya hewa kuinua kona moja na kushusha ingine mpaka gari isimame sawa hata kama umepark kwa mteremko, inazima skrini na mataa zenye zingekusumbua, inaacha soketi zikiwa na stima, na inakoma kujifunga milango kila ukienda hatua mbili. Wengi husoma hiyo list wanapita. Mimi naona hapo kwa kusimamisha gari sawa ndio kazi ya maana imefanyika. Mtu yeyote amewahi kulala juu ya kilima anajua venye asubuhi unapata watu wote wamejikusanya upande mmoja wa hema, shingo zimekauka, na hakuna mtu anataka kuongelesha mwenzake kabla ya chai. Pia iko na kompresa yake ndani, so ukishusha presha ya tairi ndio upite mchanga, unarudisha upepo mwenyewe kabla ya lami.

Sasa barabara. Chukua ile Magadi Road, juu ndio kempu ya karibu ya vijana wa Nai wenye hawataki maneno ya Naivasha. Kiserian, unapanda Corner Baridi, na hapo dunia inafunguka mbele yako. Kutoka hapo ni kushuka Bonde la Ufa karibu mita 1,400 mpaka ziwa. Njiani unapita Olepolos penye nyama inachomwa, halafu Olorgesailie, penye Mary na Louis Leakey walichimba miaka ya 1940 wakapata mawe ya kukatia yametapakaa kila mahali, za watu wa kitambo mno. Makumbusho ya Taifa wako na banda na nafasi ya hema hapo, na mimi husema kama hujawahi kulala Olorgesailie bado hujaanza kukampu. Watu walikuwa wanashinda hapo karibu na maji miaka mamia ya maelfu kabla yako.

Gari ya stima ikishuka mteremko inarudisha nguvu kwa betri. Mota zinageuka zinakuwa jenereta na breki hata huzigusi sana. Pickup yenye imebeba watu wanne, maji, hema na crate inafika tani tatu. Kushusha tani tatu mita 1,400 ni nguvu ya yuniti kama 11. Kwa barabara ya tambarare, pickup ya hiyo size inakula kama yuniti 25 kwa kilomita 100, kumaanisha kilomita 80 za kutoka Corner Baridi mpaka Magadi zingekula 20. Lakini mlima umekulipia karibu nusu. Unafika kwa ziwa umetumia kumi, labda kumi na mbili, unacheki skrini unajiona mjanja. Watu wengi wanadanganyika hapo. Wanaona gari imekula kidogo, wanawasha AC, wanachaji kila kitu, wanafungulia ngoma mpaka che.

Jumapili mlima unataka pesa yake yote. Zile 20 za umbali, zile 11 za kuinua tani tatu, na kidogo ingine ya joto na hasara za njiani. Unaongea yuniti 32, 33. Gari ya betri ya mia moja haisikii kitu. Gari ya betri ya 30 haiwezi kupanda na stima pekee, hata kama mngelala kwa giza totoro bila kuwasha tochi. So usiku wa kempu ni bei rahisi. Kupanda ndio ghali. Ukipanga safari, anza na mlima wa kurudi, toa hiyo kwanza, halafu yenye imebaki ndio ya sherehe.

Na hiyo ni Magadi, karibu hapa tu. Ukienda Maralal, South Horr, ushuke mpaka Loiyangalani, usipange safari ukitegemea kupata chaja ya haraka njiani. Kinachouma ni kwamba huko ndiko kuna mitambo 365 ya upepo ya Lake Turkana Wind Power, megawati 310. Stima inatoka hapo inapita juu ya kichwa chako kwa nyaya kubwa ikielekea Suswa, na wewe uko chini na gari ya stima, huwezi kuichota.

Ndio maana hii story ya injini ya kuongeza umbali imenishika sana. Kama unajua Nissan Note e-Power, zile ndogo zimejaa Nai kutoka Japani, ushajua nusu ya hii kitu. Note ilitoka 2016, iko na injini ya petroli lakini hiyo injini haigusi matairi. Kazi yake ni kutengeneza stima, mota ndio inasukuma gari. Sasa chukua hiyo idea, weka betri kubwa, weka mahali pa kuchomeka waya, pandisha gari juu, weka tairi za matope. Siku za wiki unaenda wera na stima ya keja, na ukienda mbali injini inakuokoa.

Wachina ndio wameendesha hii kitu kwa nguvu. Changan wakatoa Deepal G318 mwaka wa 2024, imepewa jina la barabara ya kitaifa 318, ile inatoka Shanghai mpaka mpaka wa Nepal kupitia Tibet, zaidi ya kilomita 5,400. Kwa vijana wa China hiyo ndio safari ya maisha, na kuita gari jina lake ni kuwaambia hii itakufikisha. BYD wako na Yangwang U8, mota nne, betri ya yuniti 49, injini ya lita mbili ya kutengeneza stima, na inaeza kuelea kwa maji dakika 30. Kuelea ni ya kuokoa maisha mafuriko ikikushika, si ya kukampu, so wacha tusonge. Marekani, Ram walitangaza mwaka wa 2023 pickup ya betri ya yuniti 92 na injini ya V6 ya jenereta. Scout, jina la zamani lenye Volkswagen wamefufua, wakaonesha gari zao Oktoba 2024 wakiwa na mpango wa stima tupu na mwingine wa injini ya kuongeza umbali wanayoiita Harvester. Wengi sana wa wenye waliweka oda za mapema walichagua Harvester. Wasee wa bush walishaelewa hesabu ya mlima.

Lakini yenye naiangalia kwa macho ya karibu ni BYD Shark 6, juu iko na usukani upande wetu. Ilianzia Mexico Mei 2024, ikaenda Australia, ikafika Afrika Kusini 2025. Kenya hairuhusu gari ya kawaida ya usukani wa kushoto kusajiliwa, kwa hivyo Rivian na Ram wacha zibaki za kuota kwa simu. Shark iko na betri ya yuniti 29.58, injini ya 1.5 turbo, na soketi za kutoa stima mpaka kilowati 6.6. Injini yake si ya kuongeza umbali pekee, juu ukiwa kwa spidi inaeza kushikana na matairi ya mbele, lakini kazi yake kubwa ni kulisha stima. Kilowati 6.6 ni nguvu ya kuendesha meko mbili, birika na friji pamoja bila kutetemeka. Ile hesabu ya betri ya 30 nimefanya hapo juu nilikuwa nafikiria gari kama hii.

Hapa ndio nataka kila mtu asimame kidogo. Gari ya stima tupu haitoi moshi. Unaeza kulala ndani, madirisha yamefungwa, hewa ya gari inapuliza, na asubuhi ukaamka. Gari ya petroli ukifanya hivyo unaeza kufa, juu moshi wake uko na gesi yenye sumu, haina harufu wala rangi. Sasa gari ya injini ya kuongeza umbali iko katikati, na hiyo katikati ndio hatari. Saa nne usiku imezimika kabisa, unadhani umelala kwa gari ya stima. Saa tisa betri imeshuka mpaka mahali imewekewa, na injini inajiwasha yenyewe. Kama umepark nyuma ya gari ikiangalia mlango wa hema, ama umefungia lile hema la kushikana na buti, ama mko ndani ya banda lililofungwa, moshi unaingia mkiwa usingizini.

Kwa hivyo kabla mlale, ingia kwa menyu uweke kiwango cha betri chenye injini haitajiwasha usiku, ama uhakikishe umefika ukiwa na yuniti za kutosha kumaliza usiku. Njia safi ni kuiambia injini ichaji betri ukiwa bado kwa lami, kabla ya kufika. Unafika umejaa, unazima, na jirani zako hawasikii jenereta saa tisa usiku. Park mkia ukiangalia mbali na hema, upepo ukitoka kwenu ukienda kwa mkia. Na lile jiko la makaa usiliingize ndani ya hema hata kama Aberdare imewapiga baridi aje. Kila mwaka tunazika watu kwa hiyo. Blanketi ya stima inakula nusu yuniti mpaka karibu moja usiku mzima. Gari iko hapo, waya iko hapo, tumia hiyo.

Kuhusu soketi, iko kitu inasumbua watu. Stima yetu ni volti 240. Pickup ya Marekani soketi zake za kawaida ni volti 120. Gari kutoka Japani ni volti 100. Chaja ya simu na ya laptopu nyingi zinakubali yote, cheki hapo kwa maandishi madogo. Lakini birika ya hapa ya wati 2,000 ukiichomeka kwa volti 100 inapata kama wati 350 pekee. Utangojea chai mpaka jua litoke. Nunua birika ya Japani iliyotumika, ama tafuta transfoma yenye inaeza beba hiyo mzigo.

Sufuria nayo. Zile zetu za aluminiamu, zenye mathe amepikia tangu tuzaliwe, haziongei na meko ya induksheni. Meko inakaa tu, haiwaki. Inataka chuma yenye sumaku inashika. Beba sumaku ndogo ya friji uende nayo Gikomba ama kwa duka la vyombo, ibandike kwa kitako ya sufuria. Ikishika, nunua. Na kitako kiwe bapa, juu ugali unataka kusongwa kwa nguvu na sufuria ya kitako cha mviringo itazunguka juu ya kioo.

Wasee wenye hawana mamilioni ya Shark wasidhani hii story si yao. Japani wamekuwa wakiweka soketi za nguvu kwa gari kwa muda, na baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 watu walielewa kabisa umuhimu wa gari inayolisha nyumba. Mitsubishi Outlander PHEV ilitoka 2013, na ile iliyoboreshwa 2018 iko na betri ya yuniti 13.8, injini ya 2.4, mota mbele na nyuma, na unaeza kupata ya soketi za wati 1,500. Kwa spidi ya mtaa injini yake inafanya kazi ya jenereta. Juu ya ile sheria yetu ya gari ya kuletwa kutoka nje isizidi miaka minane, hizo ndio zinaingia saa hii. Haipandi mawe kama Land Cruiser, tumbo yake iko chini, lakini Magadi Road, Olorgesailie na Naivasha inaenda fiti. Wati 1,500 inatosha friji, taa, meko moja ya induksheni ya Japani ikiwekwa chini kidogo. Kabla ulipe, chomeka kitu kwa hizo soketi uone zinafanya, na ufanyie betri kipimo cha afya yake, juu betri ya miaka saba si betri mpya.

Kitu ingine inanibamba, na haiko kwa karatasi ya gari, ni kimya. Pale Mara, Emboo River Camp waliweka Land Cruiser za safari zilizotolewa injini ya dizeli zikawekwa stima na Opibus, kampuni ya hapa Nairobi ambayo saa hii inaitwa Roam. Zinachajiwa na jua hapo hapo kempu. Gari inasogea karibu na simba bila kunguruma, dere anaongea kwa sauti ya kawaida, na unasikia nyasi. Kempu ya kawaida ya vijana nayo ina jenereta ya mtu mmoja inanguruma mpaka saa sita, na watu hamsini wanaisikiza wapende wasipende. Gari moja ya stima inaeza kulisha taa na friji za hema kadhaa bila kelele yoyote. Mko na hiyo ndai, lisheni jirani pia. Yuniti moja haiwaumizi.

Imebaki kuchaji huko huko. Soketi ya kawaida ya ukuta, ile ya pini tatu, inaeza kutoa kilowati mbili na kitu bila kuchemka. Kwa masaa nane ya kulala hiyo ni yuniti kama 18, na kwa hesabu ya Magadi hiyo ndio tofauti ya kupanda na stima kiasi gani na petroli kiasi gani. Lakini usifike tu ukachomeka. Piga simu kwa caretaker siku mbili kabla. Muulize stima yao ni ya Kenya Power ama ni sola, juu sola ya kempu ndogo ukiinyonya usiku mzima unaeza kuwaacha bila pampu ya maji asubuhi. Muulize waya ya hiyo soketi ni nene aje, na usitumie extension ya bei rahisi, zinayeyuka. Uliza bei ya yuniti mkubaliane kabla, umlipe kando na ya hema, na upige picha ya mita ukifika na ukitoka ndio kusiwe na maneno.

Wenye kempu nao, hii ni ganji imelala. Soketi moja ya nje yenye fyuzi yake, waya yake nene na mita yake ndogo haigharimu hata robo ya banda moja. Kempu ya Magadi Road ikishaweka hiyo na kuandika kwa geti "yuniti zinauzwa hapa", mimi naibook Ijumaa hiyo hiyo, na nakuja na mbogi.